Picha nilizoskani kwa DPI 1200 zinametameta kwenye video, nilizopiga kwa simu zimetulia. Kwa nini?

Kifuniko (mwanzisha uzi)
Wakuu salaam. Natengeneza video ya picha za zamani za ukoo, za karatasi, nyingi zina ukubwa wa sentimita 10 kwa 15. Nimeziskani kwa DPI 1200, yaani nukta 1200 kwa kila inchi ya karatasi, nikijua kubwa ndiyo bora. Mradi wangu ni pikseli 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde, na kila picha nimeiwekea mwendo wa kusogea polepole. Sasa kingo za mapaa, mistari ya mashati, nyavu za madirisha, vyote vinametameta kama vina wadudu. Chache nilizozipiga kwa simu badala ya kuskani zimetulia tuli. Kosa ni la skana au la programu ya kuhariri? Karibuni.

Kengemaji
Video inataka DPI 72. Badilisha zote ziwe 72, mchezo umekwisha.

fremu25
Kengemaji, hilo limezagaa sana lakini si kweli. Video haijui inchi, inahesabu pikseli tu. Chukua picha moja ya pikseli 1920 kwa 1080, ihifadhi mara mbili, moja iandikie 72 na nyingine 300, kisha ziweke kwenye mradi mmoja. Hutaona tofauti yoyote.

DPI ina kazi pale kwenye skana, kwa sababu ndiko inchi za karatasi zinakogeuzwa kuwa pikseli. Sentimita 10 kwa 15 ni kama inchi 4 kwa 6. Ukiskani kwa 300 unapata pikseli 1800 kwa 1200. Kwa 600 unapata 3600 kwa 2400. Kwa 1200 ni 7200 kwa 4800. Fremu ya Kifuniko ina upana wa 1920, kwa hiyo anailazimisha programu iibane picha karibu mara nne, tena ikiwa inatembea. Waya wa wavu unakuwa mwembamba kuliko pikseli moja. Fremu hii unaangukia pikseli ya kushoto, fremu inayofuata ya kulia, jicho linaona vinacheza. Dawa ni kuzipunguza kwanza kwenye programu ya picha, halafu ndiyo uziingize.

Kengemaji
Sawa mwalimu. Lakini nilibadilisha zangu kuwa 72 na zikatulia, naongea nilichokiona.

fremu25
Kwa sababu ulipobadilisha namba, programu yako ya picha ilipunguza na pikseli pamoja nayo. Kuna alama pale dirishani ya kuruhusu au kukataza hilo. Kilichokusaidia ni pikseli kupungua, 72 imepewa sifa isiyo yake.

Kengemaji
Kwa hiyo nilikuwa sahihi kwa sababu zisizo sahihi. Napokea.

BintiSkana
fremu25 umeeleza vizuri ila kuna tundu. Simu za siku hizi nyingi zinatoa picha za pikseli 4000 kwa 3000 hivi. Nazo zinabanwa zaidi ya mara mbili, mbona zimetulia? Kama tatizo ni kubana tu, na hizo zingechezacheza japo kidogo.

Mimi namshuku noa-noa wa skana. Programu nyingi zinazokuja na skana zina kipengele cha kunoa picha kimewashwa tangu kiwandani. Kinatengeneza ukingo mweupe mwembamba kandokando ya kila mstari mweusi, na ukingo huo ndio unaowaka na kuzimika picha inapotembea. Kifuniko, zima kila kitu cha kujiendesha chenyewe: kunoa, kurekebisha rangi, kuongeza mwanga, kuondoa chembe. Skani picha ghafi, marekebisho ufanye baadaye kwa mkono wako.

Taa_Mbili
Simu nazo zinanoa dada, tena zinanoa bila aibu. Picha za simu zimetulia kwa sababu hazijashika undani huo. Mkono ulitikisika kidogo, fokasi haikukaa sawasawa, ile nyavu haikufika kwenye faili ikiwa nyavu, imefika ikiwa utando wa kijivu. Kitu ambacho hakipo hakiwezi kumetameta.

BintiSkana
Basi tunakubaliana kwamba simu ni mbovu, haha.

Taa_Mbili
Simu mkononi ni mbovu. Kamera kwenye stendi, picha imelazwa, taa mbili pande zote kwa pembe ya digrii 45, hiyo inaishinda skana kwa kazi nyingi. Hasa picha zilizojikunja au zilizogandia kwenye albamu. Skana nyembamba zile za taa za LED, zenye kihisi kinachokaribiana na kioo, zinaona vizuri kile kilichogusa kioo tu. Karatasi ikinyanyuka kidogo, ukungu. Skana nene za zamani zenye vioo na lenzi ndani zinavumilia zaidi.

Mzee wa Kanda
Nimesoma wote. Vijana mnasahau swali la kwanza la fundi: inametameta ikiwa imesimama au ikiwa inatembea? Na unaitazama wapi, kwenye kompyuta au kwenye televisheni?

Zama za kanda, fremu moja ilirushwa kwa awamu mbili: mistari ya namba witiri kwanza, kisha ya shufwa. Mstari mwembamba wa kulala uliokaa kwenye awamu moja tu ulikuwa unawaka na kuzimika mara 25 kwa sekunde hata kama picha imesimama kama mlingoti. Tulikuwa tunaufifisha kidogo kwa wima, pikseli moja tu, mambo yanatulia. Kifuniko, angalia mpangilio wa mradi wako na wa faili unayotoa. Ukikuta popote umechagua mtindo wa awamu mbili badala ya fremu nzima, umempata mwizi.

fremu25
Mzee heshima yako, lakini nani bado anatoa video ya awamu mbili?

Mzee wa Kanda
Vituo vya televisheni kadhaa bado wanapokea 1080 ya awamu mbili. Na programu za kuhariri bado zina mipangilio hiyo kwenye orodha, mtu anachagua jina lililo juu bila kusoma. Usicheke.

Kifuniko
Asanteni. Majibu: nimetazama, mradi ni fremu nzima, na faili pia. Kwenye kompyuta inametameta ikiwa inatembea tu. Kwenye televisheni inametameta hata zile chache nilizoziacha zimesimama. Kunoa kwa skana kulikuwa kumewashwa. Kwa hiyo kila mmoja ana nusu ya kesi, sijui niseme nini.

Nukta Nundu
Televisheni ina mambo yake, itoe kwenye mjadala kwanza. Nyingi zina kunoa kwao, zina kulainisha mwendo kwa kubuni fremu za katikati, na nyingine zinakuza picha kidogo na kukata kingo. Ndiyo maana ya ile kanuni ya zamani ya kuacha maandishi ndani ya asilimia 80 ya katikati ya fremu na matendo ndani ya asilimia 90. Zima vikorombwezo vyote vya televisheni halafu urudi hapa.

Nirudi kwenye mwendo, maana naona wote mmeupita. Kifuniko anasema "polepole". Polepole kiasi gani? Tuseme unavuta picha kutoka asilimia 100 hadi 104 kwa sekunde 8. Kwa fremu 25 kwa sekunde, hizo ni fremu 200. Ukingo wa kulia wa picha unasafiri kama pikseli 38 kwa muda wote huo, yaani chini ya moja ya tano ya pikseli kwa fremu. Programu ikiwa inakadiria nafasi kwa pikseli nzima nzima, picha inakaa fremu tano imeganda, inaruka pikseli moja, inaganda tena. Mtazamaji anaita hilo kutetemeka au kumetameta. Skana hapo haihusiki hata kidogo. Jaribu kuongeza mwendo mara mbili uone kama tabia inabadilika.

BintiSkana
Programu za sasa karibu zote zinakokotoa sehemu za pikseli, Nukta. Hiyo hoja ilikuwa na nguvu zamani.

Nukta Nundu
Karibu zote si zote. Na onyesho la awali ndani ya programu mara nyingi linatumia njia nyepesi ya kukokotoa ili lisikwame, njia nzuri inakuja wakati wa kutoa faili. Kuna watu wanahukumu picha kwa onyesho la awali lililopunguzwa hadi robo.

Kifuniko
Nilihukumu kwa faili lililokwisha tolewa.

Nukta Nundu
Sawa. Naondoa hilo moja, la mwendo nabaki nalo.

Dirisha la Nyuma
Natia nanga hapa. Samahani kwa kuchomekea: mimi zangu ni picha nilizokata kutoka magazetini, na zenyewe hazimetameti tu, zina mawimbi mawimbi kama maji. Ni jambo lilelile?

BintiSkana
Hilo ni lingine, lina ndugu. Picha ya gazeti imeundwa kwa vitone vya uchapaji. Magazeti mengi hutumia kama mistari 85 ya vitone kwa inchi, majarida mazuri 133 hadi 150. Gridi ya vitone ikikutana na gridi ya pikseli zako, zinagombana, mawimbi yanazaliwa. Kisha unaibana kwenye video, ugomvi wa pili. Hapo kwa kweli skani kwa DPI kubwa, 600 au zaidi, ili kila kitone kionekane kama kitone. Halafu kwenye programu ya picha fifisha mpaka vitone viyeyuke, ndipo upunguze ukubwa. Skana nyingi zina kitufe cha kuondoa vitone, kinafanya kitu hichohicho, ila ukikichagulia aina isiyo sahihi, jarida badala ya gazeti, kinaacha mabaki.

Dirisha la Nyuma
Asante sana.

Kengemaji
Kumbe kuna mahali DPI kubwa inaruhusiwa. Leo mmenivuruga.

fremu25
Inaruhusiwa popote penye sababu. Hesabu ni moja tu: pikseli unazohitaji, gawanya kwa inchi za sehemu utakayoonyesha. Picha ndogo ya pasipoti ina upana wa milimita 35, inchi 1.38. Ukitaka ijaze upana wa 1920 lazima uskani kwa karibu 1400. Filamu ya milimita 35, fremu yake ina upana wa milimita 36, ukiskani kwa 2400 unapata pikseli 3400 na kidogo. Na kama kwenye picha ya harusi ya watu arobaini unataka kuishia kwenye uso wa bibi mmoja, pima upana wa eneo la huyo bibi. Karatasi nzima isikushughulishe. Inchi moja na nusu? 1920 gawanya kwa 1.5, ni 1280. Hapo 1200 ya Kifuniko inakaribia kabisa kuwa sahihi. Kosa ni kuitumia kwa zote.

Na angalia namba ya skana yenyewe. Kuna ile inayotoka kwenye lenzi na kihisi, na kuna ya kubuni ambayo programu inajaza pikseli za kukisia. Ya kubuni inaongeza uzito wa faili bila kuongeza habari.

Mzee wa Kanda
Uzito ndio mnausahau. 7200 kwa 4800 ni pikseli zaidi ya milioni 34. Kila pikseli inakula baiti 4 ikishafunguliwa, hata kama faili ni JPEG dogo. Picha moja ni kama megabaiti 138 kwenye kumbukumbu. Panga arobaini, ni zaidi ya gigabaiti 5. Halafu mtu analalamika kompyuta imezeeka.

Msomaji Kimya
Kompyuta yangu imezeeka kweli lakini asante kwa kunitetea.

Taa_Mbili
Kuna jambo sijaona mtu akiligusa. fremu25 anasema programu inabana picha ya Kifuniko karibu mara nne. Inategemea anabana vipi. Baadhi ya programu zina amri mbili zinazofanana majina: moja inaipunguza picha pikseli zake zilingane na fremu, nyingine inaipunguza kwa kipimo tu na kuacha pikseli zote ndani. Ukitumia ya kwanza halafu ukavuta karibu, unavuta picha iliyokwisha kupunguzwa, inakuwa na ukungu. Ukitumia ya pili, undani unabaki lakini kubana kunafanyika kila fremu. Kwa hiyo watu wawili wenye picha moja na programu moja wanaweza kupata matokeo tofauti na wote wakaapa.

BintiSkana
Hii ni nzito. Kifuniko ulitumia ipi?

Kifuniko
Hiyo ya pili kwa zilizoskaniwa. Za simu ziliingia zenyewe zikiwa zimelingana na fremu, sikumbuki kuzigusa.

Taa_Mbili
Ahaa.

Nukta Nundu
"Ahaa" siyo ushahidi. Zote ziliingia mradi mmoja, mpangilio wa kuingizia ni mmoja. Kwa nini za simu zilingane na hizi zisilingane?

Taa_Mbili
Huenda aliziingiza siku nyingine baada ya kubadilisha mpangilio. Mpangilio huo haurudi nyuma kugusa zilizokwisha ingia.

Dirisha la Nyuma
Huu mwendo wa kusogelea picha una jina la mtu, siyo? Ken Burns. Ndiye aliyeuanzisha?

Mzee wa Kanda
Hakuuanzisha. Ni mtengeneza filamu za kumbukumbu wa Marekani, aliutumia sana, na Apple wakaweka jina lake kwenye iMovie, programu yao ya kuhariri video, mwaka 2003. Yeye mwenyewe huitaja filamu fupi ya Kanada ya mwaka 1957, City of Gold, ya Bodi ya Taifa ya Filamu, kuwa mojawapo ya chemchemi zake. Kabla ya kompyuta picha ililazwa mezani, kamera ikaning'inizwa juu, mtu anazungusha mkono wa mashine polepole. Na hapakuwa na kumetameta, kwa sababu filamu haina gridi ya pikseli.

Kengemaji
Turudi kwenye filamu basi.

Msomaji Kimya
Mie swali langu la rangi. Picha zangu zikiwa kwenye programu ya picha zina rangi nzito, nikiziingiza kwenye video zinapauka. Nilisoma mahali kwamba video inakubali viwango vya mwanga kuanzia 16 hadi 235 tu, badala ya 0 hadi 255, nikaanza kubana weusi na weupe kwa mkono kabla ya kuingiza. Zimepauka zaidi.

Nukta Nundu
Acha kubana. 16 hadi 235 ni kweli kwa video ya biti 8, ila programu ya kuhariri inalifanya hilo yenyewe wakati wa kutoa. Ukibana na yenyewe ikabana, unapata weusi wa kijivu.

Kupauka kwa mara ya kwanza, angalia profaili ya rangi, yaani maelezo ndani ya faili ya jinsi ya kusoma rangi zake. Kama skana ilihifadhi kwa Adobe RGB, profaili yenye rangi pana, programu isiyosoma profaili itazionyesha zimechoka. Zigeuze kuwa sRGB, profaili ya kawaida ya kompyuta. Rangi msingi za sRGB na za Rec. 709 ya video ni zilezile, mkondo wa mwanga ndio unaotofautiana kidogo. Na kama picha ilitoka kwa mchapaji ikiwa CMYK (rangi za wino wa uchapaji), igeuze RGB kabla ya chochote. Programu nyingine zinaikataa, nyingine zinaikubali na kuiharibu.

BintiSkana
Na ukiweza skani kwa biti 16 kila rangi, hifadhi TIFF (faili isiyopoteza undani), uiweke kando usiiguse. Nakala ya kazi ndiyo uipunguze na kuirekebisha. Picha za rangi za zamani zilizogeuka wekundu zimepoteza rangi ya samawati-kijani, kuirudisha kunahitaji kuvuta chaneli moja sana. Kwenye JPEG ya biti 8 anga inakatika ngazi ngazi.

Msomaji Kimya
Shukrani. Na vumbi? Skana yangu ina ile ya kuondoa vumbi kwa mwanga wa infraredi lakini haiwaki.

BintiSkana
Hiyo ni ya filamu, siyo ya karatasi. Na hata kwa filamu, ile ya kawaida ya nyeusi na nyeupe haifai, kwa sababu fedha iliyomo inazuia infraredi vilevile kama vumbi linavyozuia, mashine inadhani picha nzima ni uchafu. Kwa karatasi ni pampu ya kupuliza hewa, brashi laini, na kitambaa kikavu kwenye kioo. Dawa ya kusafishia weka kwenye kitambaa, usinyunyize kioo, itapenya chini.

fremu25
Nyongeza kwa wote mnaoskani kwa wingi: angalieni majina ya faili. Programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve ikikuta 001, 002, 003 inaweza kudhani ni fremu za video moja na kuziunga. Picha 50 zinakuwa klipu ya sekunde mbili. Kuna mtu aliniletea hivyo akisema picha zake "zimepotea". Kwenye dirisha la kuingizia kuna chaguo la kuonyesha kila fremu peke yake, au zipeni majina ya maneno.

Kengemaji
Sekunde mbili ukoo mzima. Video fupi nzuri.

Kifuniko
Nimejaribu. Nimechukua picha moja yenye nyavu, nimeipunguza hadi pikseli 2880 kwa upana kwenye programu ya picha, mwendo uleule. Kumetameta kumepungua sana, hakujaisha. Nikaskani upya kwa 600 bila kunoa: kumepungua kiasi hichohicho. Nikaongeza kasi ya mwendo kwenye ile ya 7200: nyavu bado, ila mapaa yametulia.

Nukta Nundu
Mapaa yametulia! Mwendo huo.

fremu25
Na nyavu zimebaki. Kubana huko.

BintiSkana
Na 600 bila kunoa imefanya kazi sawa na kupunguza. Kwa hiyo hujui ni kipi kati ya viwili, maana umebadilisha DPI na kunoa kwa wakati mmoja. Skani 1200 bila kunoa, usiguse kingine.

Mzee wa Kanda
Mimi ningefifisha nyavu kwa wima nikaenda kulala.

Kifuniko
Nitajaribu ya BintiSkana. Kitu kingine: kuna picha kama kumi hivi zenye karatasi ya vinundu vidogo, kama kitambaa. Skana inaonyesha kila kinundu kinang'aa, na kwenye video ni balaa kuliko nyavu.

Taa_Mbili
Hiyo ni karatasi ya hariri. Vinundu vinang'aa kwa sababu taa ya skana inapiga kutoka upande mmoja. Skani mara moja, izungushe karatasi digrii 180, skani tena. Kwenye programu ya picha izungushe ya pili irudi wima, ilaze juu ya ya kwanza, zilinganishe kwa makini, kisha weka safu ya juu uwazi wa asilimia 50. Mng'ao wa upande huu unafutana na kivuli cha upande ule. Haviishi vyote, na usipozilinganisha vizuri nyuso zinapata ukungu. Kama una kamera na stendi, taa mbili za pembeni zinakufanyia hivyo kwa pigo moja.

Kifuniko
Stendi sina, naanza na kuzungusha.